Watoto wangu wanajua nyimbo zote za Sabato, ila Ijumaa hatufanyi lolote

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Moshi, naishi Minnesota na mume wangu ambaye ni Myahudi wa Mageuzi (Reform, mkondo wa kisasa wa dini ya Kiyahudi). Mimi nimebaki Mlutheri. Tulikubaliana watoto walelewe Kiyahudi. Binti ana miaka 7, kaka yake ana 10, na kila Jumapili asubuhi wanakwenda shule ya dini ya sinagogi. Wanarudi na nyimbo: za mishumaa, za mkate, za Hanuka (sikukuu ya taa), nyingine zina ishara za mikono. Lakini kwetu Ijumaa jioni ni sawa na Jumanne. Mimi nililelewa kwa katekisimu: unakariri, unaulizwa, unajibu. Je, nyimbo hizi zinawafundisha kushika dini au zinawachangamsha tu? Na mimi nisiye Myahudi, naruhusiwa kuimba nao? Kijana naye ameanza kuona haya, anasema ni nyimbo za watoto.

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni na baridi ya huko. Maswali yako ni matatu na yote nitayajibu. La kwanza litachukua nafasi kubwa zaidi, maana hata walimu wa shule hizo hawakubaliani juu yake.

Wimbo humfundisha mtoto kushika dini pale unapoimbwa pamoja na tendo lake. Ukiimbwa peke yake humpa habari za dini, na hilo si baya, ila ni jambo jingine. Nikitaka kujua wimbo fulani unafanya kazi gani, huwa naangalia mikono ya mtoto anapouimba. Je, imefunika macho mbele ya mishumaa? Imeshika kikombe? Inaumega mkate? Basi hapo anashika dini, wala hajifunzi juu yake. Ikiwa inapiga makofi tu, bado tuko darasani.

Chukua baraka ya mishumaa, ambayo bila shaka binti yako anaijua kwa moyo. Maneno yake ya Kiebrania yanamsifu Mungu, Mfalme wa ulimwengu, aliyetutakasa kwa amri zake na kutuamuru kuwasha taa ya Sabato. Baraka yenyewe inataja kazi. Na kazi hiyo ina mpangilio. Ijumaa jioni mishumaa huwashwa kwanza, kisha aliyewasha huzungusha mikono juu ya ndimi za moto, kwa kawaida mara tatu, kama anayeivuta nuru imjie, hufunika macho, ndipo baraka huimbwa. Kwa nini moto utangulie baraka? Kwa sababu baraka ikishatamkwa Sabato imeingia, na kuwasha moto siku ya Sabato kumekatazwa. Macho hufunikwa ili nuru ionekane kana kwamba ni mpya baada ya baraka. Hanuka ni kinyume: baraka kwanza, moto baadaye, kwa kuwa usiku wa Hanuka wa katikati ya wiki hauna katazo hilo. Mtoto aliyeimba tu hawezi kujua tofauti hiyo, maana baraka hizo mbili zinafanana karibu neno kwa neno. Mtoto aliyesimama mezani mara kadhaa anaijua bila kuelezwa, na ukikosea atakuwa wa kwanza kukukosoa.

Sasa tazama tatizo la shule yenyewe. Watoto wako wanasoma Jumapili asubuhi. Jumapili asubuhi Sabato imeshapita, hakuna mishumaa ya kuwasha wala divai ya kubarikiwa. Mwalimu anafundisha wimbo wa tendo ambalo halifanyiki pale, kwa matumaini kwamba litafanyika nyumbani siku tano baadaye. Nyumbani lisipofanyika, wimbo unabaki unaning'inia hewani. Usiwalaumu walimu. Wanajua, na wengi huweka mishumaa mezani wakafanya mazoezi kamili. Sheria ya zamani inawaruhusu: kwa kawaida haifai kutamka baraka yenye jina la Mungu bila sababu, lakini Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, na vitabu vya sheria vilivyofuata vimekubali watoto wafundishwe baraka kamili, hata nje ya wakati wake, ili wazoee. Hata hivyo mazoezi hubaki mazoezi, na watoto wanaujua utofauti huo kuliko tunavyodhani.

Huo mtindo wa Jumapili una historia, na inafaa uijue kwa sababu imo ndani ya swali lako. Shule ya kwanza ya namna hiyo Marekani ilifunguliwa Philadelphia mwaka 1838 na Rebecca Gratz. Haikuwa shule ya Mageuzi, lakini Wamageuzi waliuchukua mfumo wake wakaueneza. Vitabu vya Kiyahudi vya watoto kwa Kiingereza vilikuwa haba, hivyo vikatumika vya Waprotestanti, na sehemu zisizofaa zikafunikwa kwa kubandikwa karatasi juu yake. Na njia ya kufundishia ilikuwa ileile uliyolelewa nayo wewe: mwaka uliofuata Isaac Leeser, kiongozi wa ibada wa mji huohuo, alitoa katekisimu ya watoto, swali na jibu. Hata kipaimara kilihamia kwao. Wayahudi wa Mageuzi wa Ujerumani walikichukua kwa majirani zao Walutheri mwanzoni mwa karne ya 19, wakakiweka katika sikukuu ya Shavuoti, ile ya kupewa Torati, na masinagogi mengi ya Mageuzi yanakifanya hadi leo kwa vijana wa miaka 15 au 16. Kwa hiyo ukisikia shule yao inanukia kanisani kidogo, pua yako haijakosea.

Nyimbo zilifuata mkondo huo. Mwaka 1885 marabi wa Mageuzi walikutana Pittsburgh wakatangaza kwamba katika sheria ya Musa wanazihesabu zile za maadili tu kuwa zinawafunga, na kwamba katika taratibu za ibada watabaki na zile zinazoinua na kutakasa maisha. Sheria za vyakula, za usafi wa kikuhani na za mavazi ziliwekwa kando. Miaka 12 baadaye, 1897, kikatoka kitabu chao cha nyimbo kwa masinagogi na shule, kikarekebishwa mwaka 1914 na tena 1932. Nyimbo zake nyingi ziko kwa Kiingereza na zinamsifu Mungu, zinahimiza wema, haki na udugu wa wanadamu. Ni tungo safi, lakini ukizisoma kutoka mwanzo hadi mwisho utaona ni chache zinazomwambia mtoto afanye nini kwa mikono yake. Ilieleweka: hapana haja ya wimbo wa kunawia mikono katika nyumba ambayo hakuna anayenawa kiibada.

Hali ilianza kugeuka mwaka 1923, pale Emanuel Gamoran alipopewa usimamizi wa elimu wa muungano wa masinagogi ya Mageuzi, kazi aliyoifanya hadi 1958. Alirudisha Kiebrania, desturi na sikukuu kwenye mtaala. Toleo la 1932 la kitabu cha nyimbo, chini ya mhariri Abraham Wolf Binder, likaongeza nyimbo zenye asili ya Kiyahudi. Kisha mwaka 1940 kitabu cha sala cha Mageuzi kikaingiza uwashaji wa mishumaa ndani ya ibada ya Ijumaa usiku, mbele ya watu wote sinagogini. Hilo lilikuwa na nia njema, ila kwa maoni yangu lilikuwa na gharama. Tendo lililokuwa la meza ya nyumbani lilipata makao mapya, na familia nyingi zikaona limeshafanywa kwa niaba yao. Mumeo huenda amekulia katika Ijumaa za namna hiyo. Muulize kwa upole mama yake aliwasha wapi mishumaa.

Kilichobadilisha nyimbo zenyewe ni kambi za likizo, na hapo Minnesota inaingia. Kambi ya kwanza ya muungano wa Mageuzi ilifunguliwa Oconomowoc, Wisconsin, mwaka 1952. Kambini mtoto hakai saa tatu za Jumapili. Anakula, analala na kuamka pale kwa majuma kadhaa. Ijumaa inamkuta, Jumamosi jioni inamkuta, na baada ya kila mlo kuna baraka ya kushukuru kwa chakula, inaimbwa kwa kugonga meza hadi vikombe viruke. Watoto ambao nyumbani hawakuwahi kushukuru baada ya kula walirudi wakiimba baraka ndefu ya Kiebrania bila karatasi. Hawakufundishwa kwa ubao. Walikula, wakaimba, kesho tena. Debbie Friedman, aliyekulia St. Paul hapo jirani yenu, alitoka katika mazingira hayo ya kambi na gitaa. Alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972, na alipofariki mwaka 2011 chuo cha Mageuzi cha kuwafunza makantori, yaani waimbishaji wa sinagogi, kilipewa jina lake. Ninamtaja kwa sababu nyingi kati ya nyimbo wanazokuletea watoto, ama ni zake ama ni za waliomfuata.

Lakini shule ziliponakili nyimbo za kambi, mara nyingi zilichukua sauti zikaacha meza. Ndiyo maana unasikia kelele za furaha Jumapili na kimya Ijumaa.

Hanuka ndiyo inayoonyesha pengo hilo wazi kabisa. Wimbo wa Hanuka unaojulikana zaidi na watoto wa Marekani ni ule wa pia ya udongo, kile kitu cha kuchezea kinachozungushwa kwa vidole. Hautaji taa hata mara moja. Kucheza pia ni mchezo wa kupitishia muda. Amri ya Hanuka ni kuwasha taa, mmoja usiku wa kwanza, wawili wa pili, mpaka wanane, ukipanga mishumaa kuanzia kulia na kuwasha kuanzia kushoto, ule mpya kwanza. Nimekutana na watoto wanaojua beti zote za pia na wasiojua mshumaa upi unaanza. Sisemi wimbo huo uachwe, watoto wanaupenda nami naupenda. Nasema usihesabiwe kuwa ndiyo Hanuka.

Upande wa pili kuna Pasaka, na hapa Wayahudi walilimaliza suala hili karne nyingi kabla ya Mageuzi kuwapo. Karamu ya Seder, yaani ya usiku wa Pasaka, ina hatua 15, na majina ya hatua hizo yametungwa kuwa ghani fupi yenye vina, tangu zama za kati. Mtoto anaimba ghani hiyo, na kila neno ni amri ya kazi inayofuata: takasa divai, nawa, chovya mboga, vunja mkate usiotiwa chachu, simulia, na kuendelea mpaka mwisho. Wimbo ndio ratiba. Akiimba anajua waliko na bado nini kabla ya kula, na kwa mtoto mwenye njaa hiyo ni elimu nyeti sana. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeimba maswali manne ya kwa nini usiku huu ni tofauti, na mwishoni, wakati macho yamekuwa mazito, huja nyimbo za kuhesabu na za kurudiarudia, kusudi wasilale. Mwalimu yeyote wa nyimbo anayetaka mfano wa kuiga, asiende mbali na usiku huo.

Jambo moja dogo ambalo huniudhi: ishara za mikono. Mwalimu anataka kuchangamsha darasa, anatunga ishara ya vidole vinavyocheza kama ndimi za moto wakati wa baraka ya mishumaa. Mtoto anaishika. Kisha siku anaposimama mbele ya mishumaa ya kweli mikono yake ina kazi mbili, na ile ya kuigiza ndiyo inayoshinda. Kama wimbo una tendo lake, ishara pekee inayofaa ni tendo lenyewe. Ishara za kubuni ziachiwe nyimbo za alfabeti.

Haya, sasa nyumbani kwako. Usianze na Sabato yote. Ijumaa hii chukueni baraka tatu fupi ambazo watoto wanazijua tayari: ya mishumaa, ya divai na ya mkate. Kidushi kirefu, yaani baraka kamili ya kuitakasa Sabato juu ya divai, kisubiri, mtaongeza mkizoea. Mishumaa miwili, kikombe cha divai au maji ya zabibu, mkate wa kusuka uliofunikwa kitambaa. Kama hamna mkate wa kusuka, mkate wowote unatosha. Waambie watoto wao ndio walimu wa jioni hiyo na ninyi wazazi ni wanafunzi, kisha acheni wawaongoze. Haitachukua hata dakika kumi, chakula kisipoe. Fanyeni hivyo kila Ijumaa bila kuruka, hata Ijumaa ya uchovu, hasa hiyo.

Kuhusu saa: sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua linalozama karibu wakati uleule mwaka mzima, huko kwenu mambo ni mengine. Kwa desturi mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Desemba huko jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, mtoto hajamaliza hata uji wake wa kutoka shule. Juni linazama kama saa tatu usiku. Familia nyingi za Mageuzi huwasha wakati wa chakula cha jioni majira yote, na shule yao itakuwa imewafundisha hivyo. Chagueni saa moja mnayoiweza.

Jumamosi usiku, wakati wa miezi ambayo giza linaingia mapema, jaribuni Havdala, ibada fupi ya kuiaga Sabato nyota tatu zikionekana. Kuna divai, viungo vya kunusa na mshumaa wa kusokotwa wenye tambi zaidi ya moja. Kwa mtoto ndiyo ibada nzuri kuliko zote: ananusa karafuu na mdalasini, ananyoosha vidole aone nuru kwenye kucha zake, na mwisho mshumaa unazimwa ndani ya divai kwa mlio wa kupasua. Sauti ya baraka zake iliyoenea katika masinagogi ya Mageuzi ni ya Debbie Friedman, na ina kibwagizo kisicho na maneno ambacho hata mgeni anaweza kuingia nacho. Karafuu, dada, najua utazipata, na harufu yake itakufikisha mbali kuliko itakavyowafikisha wao.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la pili. Kuimba nao unaruhusiwa, na mezani kwako mwenyewe hakuna atakayekushangaa. Sinagogini ni suala jingine kidogo: masinagogi hutofautiana juu ya mzazi asiye Myahudi kuongoza baraka inayosema "ametuamuru", kwa hoja kwamba neno hilo ni la waliomo ndani ya agano. Muulize rabi wenu moja kwa moja, ni swali analolisikia mara nyingi. Nyumbani njia rahisi ni kuwaachia mumeo na watoto waanze, nawe uimbe nao au uitikie amina.

Ila kuna sehemu moja ya Ijumaa ambayo ninaona imekusubiri wewe. Kabla ya chakula wazazi huweka mikono juu ya vichwa vya watoto na kuwabariki. Binti huombewa awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Mwana awe kama Efraimu na Manase. Kisha inafuata baraka ya makuhani kutoka Hesabu 6. Baraka hiyo unaijua tangu utotoni, kwa sababu ndiyo inayofunga ibada ya Kilutheri: "BWANA akubarikie, na kukulinda; BWANA akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili; BWANA akuinulie uso wake, na kukupa amani." Haisemi "ametuamuru", hivyo ile hoja ya agano haigusi maneno yake. Mumeo aiseme kwa Kiebrania, wewe uighani kwa Kiswahili kwa sauti uliyoizoea Moshi. Na usidhani Kiswahili ni upungufu. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika kitabu chake cha Sota sura ya 7, inaorodhesha mambo yanayoweza kusemwa kwa lugha yoyote, na humo zimo Shema (ungamo la kwamba Mungu ni mmoja), sala na baraka ya baada ya chakula. Baraka ya makuhani, inaposemwa na makuhani wenyewe, imo katika orodha ya Kiebrania tu, lakini wewe ni mzazi unayewaombea watoto wako. Watoto wasikie baraka kutoka kinywani mwa mama yao kwa lugha ya mama yao.

Na wakikuuliza kama kuna watu weusi wa kwetu wanaoimba hivi, jibu lipo karibu. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Chini ya Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, ikaendelezwa kwa siri. Baada ya 1979 vijana waliokuwa na magitaa, wakiwamo Gershom Sizomu na J. J. Keki, waliifufua jumuiya kwa kiasi kikubwa kupitia nyimbo: zaburi kwa Kiganda, sala za Kiebrania kwa mahadhi ya huko. Rekodi zao zilitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003, na Sizomu alipewa urabi mwaka 2008 baada ya kusoma Los Angeles. Wao wamefungamana na mkondo wa Kihafidhina (Conservative), si wa Mageuzi, lakini maneno ya baraka ni yaleyale. Wachezee watoto wako rekodi hiyo ndani ya gari. Watatambua maneno kabla ya kutambua mahadhi, na hapo wamejifunza jambo ambalo mwalimu wa Jumapili hupata shida kulieleza: kwamba sala ni maneno, na sauti ni nguo yake tu, hubadilishwa.

Hilo lina faida yake siku mtakapokwenda kwa jamaa wa mume walio Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sheria za kale, kama wapo. Kule hakuna gitaa siku ya Sabato, sauti za nyimbo ni nyingine, na wazee wengine bado wanatamka Kiebrania cha Ulaya Mashariki, wanasema "Shabos" badala ya "Shabat". Mtoto aliyefundishwa kwamba wimbo fulani wa gitaa ndio Sabato atapotea kabisa. Waandae mapema. Waambie ala za muziki zilianza kuingia katika ibada za Mageuzi zamani, kwa kinanda cha Seesen, Ujerumani, mwaka 1810, na kwamba wengine hawakuzikubali mpaka leo. Watoto huelewa haraka kwamba nyumba mbili zinaweza kuwa na taratibu mbili.

Nafika kwa kijana. Haya zake ni za kawaida, na mara nyingi ana haki. Mtoto wa miaka 10 anayewekwa darasa moja la nyimbo na wa miaka 6 anajua anadharauliwa. Dawa ni kumpa kazi yenye hatari kidogo na sauti yenye ugumu kidogo. Hatari: yeye ndiye awe mshika mshumaa wa Havdala na mwashaji wa Hanuka, ukiwa umesimama karibu. Ugumu: mwombe kantori wenu amwanzishe mapema alama za kughani Torati. Maandishi ya Torati husomwa kwa mahadhi yanayofuata alama ndogo zilizochapwa juu na chini ya maneno katika vitabu vya kujifunzia. Kwenye gombo lenyewe alama hizo hazimo, kwa hiyo msomaji lazima aje nazo kichwani. Zinaonyesha neno lipi limeungana na lipi na pa kupumzikia. Masinagogi mengi ya Mageuzi zamani yaliziacha, yakawa yanasoma tu, kisha katika miongo ya karibuni mengi yamezirudia. Huo ni wimbo, lakini hakuna kijana atakayeuita wa kitoto, maana watu wazima wengi wanaomzunguka hawauwezi.

Kwa familia yenu kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Mwaka 1983 marabi wa Mageuzi wa Marekani waliamua kwamba mtoto mwenye mzazi mmoja Myahudi, awe baba au mama, huchukuliwa kuwa Myahudi, ilimradi hilo lithibitishwe kwa matendo ya wazi yanayofanyika kwa wakati wake: kupewa jina la Kiebrania, kusoma Torati, bar mitzva au bat mitzva (ibada ya mvulana au msichana kuingia utu uzima wa kidini), kipaimara. Mikondo ya Kiorthodoksi na Kihafidhina haikubali hilo, wao hufuata mama. Mwulize rabi kijana wenu ameshafanya yapi kati ya hayo na yapi yamebaki, na umwulize leo, maana masinagogi mengi hupanga tarehe za bar mitzva miaka miwili au mitatu kabla.